Papai Bichi Mezani pa Wakwe

Jumapili iliyopita niliomba papai bichi sokoni, na mama muuzaji akaniangalia tumbo kabla ya kuniangalia uso.

"Ya kufanya nini?" aliuliza.

"Ya kula."

"Ya kula namna gani? Hii haiyaiva."

"Nitaipara kama karoti, nitengeneze saladi."

Akasogeza kiti chake karibu, akashusha sauti. "Mama, weye uko mutoto ya bantu. Kama kuko problemi, kwenda ku lopitali. Basikudanganye na mapapai."

Nilimwambia hakuna problemi yoyote. Nikamwonyesha simu, video ya mwanamke wa Tailandi anayetwanga papai bichi huku akitabasamu. Aliitazama mpaka ikaisha, kisha akasema, "Bale njo bale. Siye njo siye," yaani wale ni wale, na sisi ni sisi. Akanifungia papai ndani ya gazeti, tabaka juu ya tabaka, kama mtu anayefunga kitu cha aibu.

Kama umewahi kuishi Lubumbashi, unalijua jicho lile. Kama hujawahi, nikueleze: kwetu papai bichi si chakula. Ni jambo ambalo wasichana huambiana shuleni kwa kunong'ona, kwamba linatoa mimba. Nani alianza kusema hivyo, sijui. Nimewauliza hata madaktari, nao walinijibu kama watu wanaotafuta mlango wa kutokea. Nimesoma kwenye simu kwamba ni kweli, nikasoma tena kwamba ni uongo, na kwamba yote yanategemea papai ni bichi kiasi gani na umekula kiasi gani. Mimi ni mtu wa kuuliza. Chuoni mwalimu wetu mmoja alikuwa akiniona nimeinua mkono anafunga kitabu chake kwanza. Lakini swali hili la papai limenishinda, na nitakuambia sababu.

Nilianza kupika vyakula vya Asia mwaka jana, katika jiko dogo la nyumba ninayopanga Karavia, ambalo dirisha lake linatazama ukuta wa jirani. Nilianza na tambi za mchele na mchuzi wa karanga. Nikaenda kwenye matango yaliyopondwa na kitunguu saumu, kisha supu ya mchaichai na tangawizi. Rafiki zangu wa chuo wanasema nimechoka kuwa mtoto wa Lushi, yaani Lubumbashi. Labda. Ninachojua ni kwamba kila nikipika chakula hicho najisikia kama mtu anayeingia nyumba ya kigeni na kukuta viti vya kwao. Karanga ni zetu, ndimu ni zetu, pilipili ndiyo kabisa. Mchuzi wa samaki sina, kwa hiyo naloweka kapenta, wale samaki wadogo wakavu, ndani ya maji ya moto yenye chumvi, na maji yale yanafanya kazi hiyohiyo.

Jumapili hiyo nilipara papai likawa nyuzi nyeupe ndefu. Nikaponda pilipili na kitunguu saumu kwenye kinu changu kidogo cha mbao, nikatia sukari, ndimu, maji ya kapenta, nyanya zilizopasuliwa, na karanga za kukaanga. Nikatia papai, nikatwanga kidogo tu kama mwanamke wa kwenye simu alivyofanya. Nikaonja kwa kidole. Nikakaa chini.

Ladha hiyo nilikuwa naijua. Niliijua kabla sijajua kusoma. Ilikuwa saladi ya Nkambo.

Nkambo, yaani mama yake mama yangu, alinilea Naviundu miaka ile mama alipokuwa akifanya kazi Kolwezi na kuja kutuona mwisho wa mwezi. Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma, na ua wake uliteremka taratibu mpaka karibu na mto, ambako Nkambo alikuwa na matuta yake ya mboga. Ukifunga macho nikakurudisha pale majira ya mvua, kwanza utasikia harufu ya makaa yaliyolowa, yanayotoa moshi bila kutaka kuwaka. Utasikia magari makubwa ya madini barabarani, halafu kinu. Kila ua ulikuwa na kinu chake, na kila kinu kilikuwa na sauti yake. Saa za jioni wanawake walipotwanga matamba, majani ya muhogo, uliweza kujua nani yuko nyumbani, nani ana haraka, nani amegombana na mume. Nkambo akiwa na hasira alitwanga pigo moja zito, akatulia, akatwanga jingine. Sisi watoto tulikuwa tunapima hali ya hewa ya nyumba kwa mchi wake.

Kazi yangu ilikuwa kutoa viwavi kwenye mboga. Mboga yenyewe ilikuwa ile ya majani mapana yenye uti mweupe, ambayo mji mzima unaiita kwa Kifaransa kabichi ya Uchina, na ambayo mji mzima unaila na bukari, yaani ugali, kila siku kana kwamba ilizaliwa hapa. Hilo pia niliwahi kumuuliza Nkambo: kama ni ya Uchina, kwa nini iko kwetu? Akaniambia viwavi hawajaisha.

Ng'ambo ya barabara waliishi watu waliokuja kujenga tanuru la shaba. Walikuwa wanaume wengi na mwanamke mmoja, mpishi wao, mwembamba, mwenye kofia ya majani aliyoifunga kidevuni. Watoto tulikuwa tunamkimbilia tukipiga kelele, "Shinwa! Shinwa!" yaani Mchina. Siku moja alisimama, akatikisa kidole, akajigusa kifua na kusema, "Thai." Kisha tukaendelea na "Shinwa", na watu wazima nao wakaendelea kumwita Mama Shinwa. Leo jambo hilo linanikera kuliko nilivyotarajia. Mwanamke aliishi mbele yetu, akala mboga zetu, na sisi hatukumwachia hata nchi yake.

Alikuwa anakuja kununua mboga kwa Nkambo. Hawakuwa na lugha ya kuzungumza. Walikuwa na vidole, nyuso na vicheko. Siku aliyoona mpapai uliokuwa nyuma ya jiko letu, aliacha mboga chini. Alionyesha tunda la kijani, gumu, akaonyesha kinywa chake. Nkambo akaonyesha lililoiva. Mama Shinwa akakataa kwa kichwa, akarudi kwenye lile la kijani.

Sasa, hapa ndipo kumbukumbu yangu ina shimo. Ningetoa mengi kukumbuka kama wakati ule Nkambo alimwangalia tumbo, kama mama wa sokoni alivyoniangalia. Nimelizunguka shimo hilo wiki nzima. Naona kofia. Naona mkono wa Nkambo ukichukua mti mrefu wa kuangushia matunda. Naona utomvu mweupe ukidondoka kwenye kikonyo. Uso wa Nkambo siuoni.

Ninachokumbuka vizuri ni Mama Shinwa ameketi kwenye kigoda chetu, mbele ya kinu chetu cha matamba, mchi katika mkono mmoja na kijiko katika mkono mwingine, akitwanga na kugeuza, akitwanga na kugeuza, polepole. Nkambo aliita majirani waje kuona.

"Angalieni ule! Anatwanga sawa anabembeleza mutoto!"

Alipomaliza, alimpa Nkambo kwanza. Nkambo alitafuna muda mrefu, macho yametazama paa. Tulingoja. Kisha akasema, "Kunakosa bukari," akaenda kusonga bukari saa ileile, ingawa jua lilikuwa bado juu. Mama Shinwa alimega tonge kwa mkono, akaliviringa, akachota saladi nalo bila mtu kumfundisha. Nkambo aliniangalia mimi, akasema kwa sauti ya heshima, "Huyu haiko muntu ya kijiko."

Tangu hapo saladi ikawa ya nyumba yetu. Nkambo aliitengeneza mara kwa mara, zaidi mboga nyingine zikiwa zimechoka. Aliongeza kapenta wazima waliokaangwa, wakakauka na kuvunjika mdomoni. Pilipili zilikuwa kali hata sisi watoto tulikula tukivuta hewa kwa meno. Mama Shinwa naye alichuma mchaichai kwenye ua wetu, ule ambao Nkambo aliupanda kwa ajili ya homa, akautia kwenye supu ya kuku. Nkambo alipoona hivyo alishika kiuno. "Anapika na dawa," alisema. Kwa kweli ukitazama vizuri, vyakula vyote ninavyopika sasa Karavia vimetengenezwa na vitu ambavyo Nkambo alivihifadhi kama dawa: mchaichai wa homa, tangawizi ya kifua, kitunguu saumu cha minyoo. Nani aliamua kwamba kitu hiki ni dawa huku na chakula kule? Je, aliyeamua alikula kwanza?

Majirani walituchokoza. Mama mmoja wa upande wa pili wa ua alipenda kuchungulia akisema, "Mama, sasa munakula bintu ya mbuzi?"

"Mbuzi njo anajua majani," Nkambo alijibu, bila kuinua kichwa.

Sasa nikuambie habari ya Mama Mudogo. Ni mdogo wa mama yangu, kitinda mimba wa Nkambo, na wakati huo alikuwa akisomea ukunga. Alilala chumba kimoja nami, na usiku alinikariria mifupa ya nyonga kwa Kifaransa kama watu wengine wanavyoimba. Kulikuwa na kijana anayemjia, mwalimu wa hesabu, mtoto wa familia iliyotoka Kasai zamani, watu wa biashara na kanisa. Alikuwa mpole. Viatu vyake vilikuwa safi hata wakati wa matope, na sisi watoto tuliamini anabebwa. Ikafika siku familia yake ilileta habari kwamba wanakuja kujitambulisha rasmi.

Lazima ujue desturi ya nyumba yetu, maana yote yanategemea hapo. Siku wakwe wanapokuja kuomba binti, mama wa binti anapika mwenyewe, kwa mkono wake, na hakuna dada wala jirani anayegusa chungu. Kisha wageni wanapaswa kuonja kila sahani iliyo mezani kabla ya mazungumzo kuanza. Kidogo tu kinatosha, hata tonge moja. Lakini sahani ikirukwa, maana yake wameona katika nyumba hii kitu wasichokitaka, na mtu mwenye adabu hawalazimishi waseme ni nini.

Nkambo alipika tangu asubuhi. Kulikuwa na kuku wawili, matamba yenye karanga, Thomson, yule samaki wa barafu wa dukani, aliyepikwa kwa nyanya, wali kwa ajili ya wanaopenda wali, bukari kwa ajili ya watu. Mvua ilinyesha, ikaacha, ikanyesha tena. Mwishoni kabisa, wakati wageni walikuwa tayari wanafuta viatu mlangoni, nilisikia kinu. Mapigo mepesi, ya kubembeleza. Nkambo aliingia sebuleni na bakuli la kioo, lile la sikukuu, limejaa nyuzi nyeupe za papai, nyanya nyekundu na karanga, akaliweka katikati ya meza, mbele ya kuku.

Walikuja kijana mwenyewe, baba yake, na dada wa baba yake, mama mkubwa wa mwili mwenye kitenge cha manjano, ambaye hata mtoto aliweza kuona kwamba neno lake ndilo litakalobaki. Upande wetu aliyesema ni mjomba, kaka wa mama yangu. Sisi watoto tulikuwa kwenye mkeka pembeni, tukiomba Mungu wageni wasile sana.

Mambo yalianza vizuri. Shangazi wa kijana alionja kuku, akasifu. Akaonja matamba, akasifu zaidi, akauliza kama karanga zilitwangwa au zilisagwa. Kisha akafika kwenye bakuli.

"Mama, na hii?"

"Saladi ya papai," Nkambo akasema.

"Papai? Njo iko nyeupe vile?"

"Iko mubichi. Muonje kwanza, iko na pilipili kidogo."

Shangazi aliweka mkono wake juu ya paja. "Mubichi," alisema. Akamgeukia kaka yake, akasema jambo kwa Kiluba chao, na tonge lililokuwa njiani kwenda kinywani mwa yule baba likarudi kwenye sahani.

Mjomba akacheka kwa nguvu, kicheko cha mtu anayeona moto na hana maji. "Ni chakula ya ba Shinwa, tantine! Siku hizi siye tunakula dunia nzima!"

"Ba Shinwa bajikulie. Siye tulikuja kutafuta batoto." Hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali kama angepandisha. "Mama, tunakuomba binti, na weye njo unatuwekea hii mbele?"

"Ni chakula," Nkambo alisema.

"Ni chakula," shangazi alirudia, kama mtu anayepima kitambaa na kukuta kimepungua.

Mama Mudogo alikuwa amesimama mlangoni na birika la maji ya kunawia mikono. Kijana alimwangalia. Kisha, na hili ninalikumbuka vizuri kuliko jina langu, alinyoosha mkono kwenye bakuli. Vidole vyake vilifika hadi ukingoni mwa kioo.

"Weye!" shangazi yake alisema.

Mkono ukarudi.

Walikaa bado kidogo, kwa adabu. Walizungumza juu ya mvua na barabara. Baba alishukuru kwa kuku. Walisema watatuma neno, na mjomba akawasindikiza na mwavuli mpaka barabarani. Neno halikutumwa. Watoto tulipewa kuku wote, tukala kama wafalme. Nakumbuka nilifurahi. Sikuelewa kwa nini Mama Mudogo alikuwa amesimama jikoni peke yake, bakuli la kioo kifuani, akila saladi ile kwa mkono, haraka, bila bukari, mpaka ikaisha, na machozi na kamasi vikimtoka.

Nilipokuwa mkubwa wa kutosha nilianza kuuliza. Mama yangu alisema Nkambo hakujua. Alikuwa ameila mara nyingi hivi kwamba kichwani mwake ilikuwa imeshaacha kuwa dawa, na alitaka tu kuweka mezani kitu kizuri ambacho hakuna nyumba nyingine ilikuwa nacho. Huenda. Lakini Nkambo alizaa na kuzika Naviundu, wanawake walikuja kwake na siri zao, na hata muuzaji wa sokoni leo anajua. Yeye angekosaje kujua?

Mjomba alisema alijua sana. Kwa maoni yake, Nkambo hakutaka binti yake wa mwisho aende kwa watu wa Kasai, ambao mji wetu una ugomvi wa zamani nao, basi, na alitafuta namna ya kusema hapana bila kufungua kinywa. Hilo nalo lina akili. Lakini rafiki mkubwa wa Nkambo, waliyekaa naye benchi moja kanisani miaka yote, alitoka Kasai, na ndiye aliyeshika mkono wake siku tulipomzika babu, mume wake. Mama wa upande wa pili wa ua, yeye, alisema ni Mama Shinwa aliyemchanganya akili na majani yake. Mama huyo aliweza kupata mchawi hata ndani ya sabuni.

Na Nkambo mwenyewe? Ukimuuliza alisema, "Chakula ni chakula," kisha anakupa ndoo. Jambo linalonichanganya zaidi ni hili: aliendelea kuitengeneza. Haikupita hata wiki nikasikia tena mapigo mepesi kwenye kinu, akaiweka mezani, tukala wote, na Mama Mudogo akala. Mtu mwenye aibu angeacha. Mwenye hatia angeacha. Asiyejali kitu labda angeendelea, lakini Nkambo alijali kila kitu, alijali hata viwavi niliowasahau. Kila ninapopata jibu moja, mlango wa pili unafunguka na upepo unalizima.

Tanuru lilipofungwa, Mama Shinwa aliondoka pamoja na wengine katika gari lenye turubai. Alimpa Nkambo kofia yake. Nkambo alifariki nikiwa chuoni, katikati ya mitihani, na nilifika nyumba ikiwa imejaa watu na kinu kimeegemezwa ukutani.

Ndiyo maana Jumapili ile, baada ya kukaa chini jikoni kwangu, nilimpigia simu Mama Mudogo nikamwambia aje kula. Yeye sasa ni mkunga Ruashi. Ana nyumba yake aliyoijenga chumba kwa chumba, hakuolewa, na watoto wa mtaa mzima wanapita mikononi mwake kabla ya kufika kwa mama zao. Alikuja akiwa amechoka, na zamu nyingine ikimngoja jioni. Aliona bakuli mezani. Alinawa, akaketi, akamega bukari.

"Nani alikufundisha?" aliuliza baada ya tonge la kwanza.

"Simu."

"Simu." Akacheka kwa pua. Akala tena. "Uliweka sukari mingi. Na kapenta umewanyima nafasi."

Nilimwacha ale. Nje jirani alikuwa anaosha gari, na maji yalipita chini ya ukuta wetu.

"Mama Mudogo, niulize kintu?"

"Weye unaulizaka siku zote. Leo njo unaomba ruhusa?"

"Nkambo alijua?"

Hakuniuliza alijua nini. Alitoa mkono kwenye sahani, akautazama.

"Nilimuuliza," alisema. "Ku lopitali, siku zake za mwisho. Watu walikuwa wametoka. Nikamuambia, mama, ile papai uliwekea bale bantu, ulijua?"

"Akasema nini?"

"Akaniuliza, na weye, ulikuwa unamupenda ule kijana?"

"Ukamujibu nini?"

"Nikamupa maji ya kunywa."

Nilingoja. Mimi ambaye siwezi kungoja, nilingoja.

"Alikuwa muntu muzuri," akasema. "Nilikuwa napenda vile anaongea na batoto. Nilikuwa napenda masomo yangu pia, na bantu yake walisha kusema nikiolewa nitaacha, duka yao iko na lazima na muke. Mama alisikia vile. Hakusema kitu. Sasa ule mukono yake ulipoenda ku bakuli, nilisema ndani ya roho, akionja, minaenda naye hata duka, hata wapi. Asipoonja, minabaki. Miye nilikuwa nimesimama pale na maji, na sikujua naomba nini. Aonje ao asionje. Mpaka leo sijui nilikuwa naomba nini."

"Lakini ulilia. Nilikuona jikoni."

"Mama yako mudogo analia kila siku akikula pilipili."

Alisema hivyo na akakwepa macho yangu. Nikaona kwamba kwa miaka yote hii nilikuwa nimelishika swali upande usio wake. Nilikuwa nikiuliza kama Nkambo alijua kuhusu papai. Labda alilojua lilikuwa jingine, au labda hakujua chochote, na alimuuliza binti yake swali lile kitandani kwa sababu kweli alitaka kusikia jibu, ili ajue kama alimharibia maisha au alimpa. Alikufa na glasi ya maji badala yake.

Ile nyumba ya Naviundu ina mwenyewe mwingine sasa. Nilipita mwezi uliopita. Wamejenga ukuta mrefu mpaka karibu na mto, na mpapai sikuuona, wala matuta. Tanuru ng'ambo ya barabara ni kuta tu zenye majani. Jioni ile nilisimama nikisikiliza, na mahali pa vinu kulikuwa na muziki wa redio na jenereta. Watu wanatwangisha matamba kwa mashine sasa, ni haraka zaidi, na mimi mwenyewe nanunua ya mashine. Ladha ni ileile, wanasema. Lakini mashine haikuambii nani amekasirika. Kuna mwanamke mahali fulani Tailandi, kama bado yupo, anayekumbuka mtaa wetu, na sisi hatukuwahi kujua jina lake ili tumtafute na kumuuliza: siku ile ya kwanza, ulipoomba papai bichi, rafiki yako alikuangalia wapi?

Mama Mudogo alitazama saa, akainuka. Nilichukua saladi iliyobaki nikaitia kwenye kibakuli chenye kifuniko, apeleke kazini, wenzake wa zamu waonje. Alikipokea. Akafika nacho mpaka mlangoni, kisha akarudi, akakiweka mezani.

"Kule kuko bamama ya mimba," alisema.

"Lakini weye ulisoma. Huamini ile mambo."

"Siamini."

"Basi beba."

Alifunga kitenge chake upya kiunoni, akavuta fundo, akalijaribu kwa kidole kama limeshika. "Siamini," alisema tena, akatoka, na kibakuli kikabaki kwangu.